Aliyemwita Kiptum

Atupele alifika Nakuru siku ya Jumanne mwezi wa Julai, baada ya siku kumi na moja za kusafiri polepole kutoka Tukuyu, begi kubwa mgongoni na viatu vya kutembelea vilivyokuwa vimeanza kumzoea. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, na kwa miaka kumi alikuwa amewachorea watoto wa watu Bonde la Ufa ubaoni bila kuwahi kuliona upande huu wa mpaka.

Safari hiyo hakuipanga peke yake. Waliipanga wawili, yeye na Bupe, tangu wakiwa chuo cha ualimu wakilala chumba kimoja, na wenzao wakiwaita Bupe-na-Tupe kama jina la duka. Kila mwaka Bupe alisema, "Tupe, mwaka huu twende." Na kila mwaka Atupele alikuwa na sababu: mitihani, kuvuna mahindi, harusi ya binamu. "Mwakani," alijibu. Oktoba iliyopita figo za Bupe zilikataa kazi, na kabla ya Krismasi alikuwa ameshazikwa.

Chini kabisa ya begi, chini ya sufuria ndogo na soksi, kulikuwa na koti la mvua la njano. Bupe alilinunua kwa ajili ya safari hiyo, hakuwahi kulivaa hata mara moja. Mama yake alilitia mikononi mwa Atupele siku ya matanga. Atupele naye hakulivaa. Alilibeba tu, mji mmoja hadi mwingine, na kila alipopanga begi upya alilirudisha palepale chini.

Nakuru alilala kwa Wachuka, mama mwenye nyumba ya wageni karibu na uwanja wa maonyesho. Aliposikia mgeni wake anataka kushuka Menengai, kreta ya volkano iliyo juu ya mji, Wachuka aliweka birika mezani.

"Kwenda pale juu upige picha urudi, mtu yeyote wa boda atakupeleka. Lakini kama ni kushuka ndani ya shimo, basi ni Jepkemei. Hakuna mtu anajua huko ndani kama yeye. Hata Jumapili anashuka, na hana mgeni."

"Peke yake? Kufanya nini?"

Wachuka aliinua mabega. "Mimi sijamuuliza."

Kesho yake asubuhi boda boda ilimpandisha Atupele hadi ukingoni. Baridi ilikuwa kali na anga nyeupe. Jepkemei alikuwa ameshafika, amekaa juu ya jiwe: mwanamke mrefu, mkavu, wa umri wa Atupele au zaidi kidogo, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, gambuti miguuni na fimbo ya mti wa mleleshwa mkononi.

"Sasa. Wewe ndio mgeni wa Wachuka?"

"Ndiyo, dada. Habari za asubuhi? Naitwa—"

Jepkemei aliinua mkono. "Jina utaniambia tukirudi. Huku ndani hatuitani. Ukinitaka, piga mluzi ama uniguse na kijiti." Kisha akatabasamu kidogo, kama mtu anayejua kwamba amekata neno kwa ukali. "Usishtuke. Na hiyo Kiswahili yenu ya TZ ni tamu, ni kama nasikia taarifa ya habari."

Atupele alicheka. "Kwa nini hatuitani?"

"Ni venye tulipata wazee wakifanya. Wakikuyu wanasema hapa ni mlima wa ngoma, hiyo ni mizimu kwa lugha yao, sisi tuko na maneno yetu, lakini wote tunakubaliana kwa hiyo moja. Ukiitwa huku ndani na humwoni mwenye kuita, usiitike."

"Hata kwetu kuna ziwa ndani ya mlima, Ngosi. Bibi yangu alituambia hivyohivyo."

"Basi sina kazi ya kukufundisha," Jepkemei alisema, akatangulia.

Walishuka taratibu. Hapakuwa na haraka ya kwenda popote, na Atupele alikuwa amesema mapema kwamba hataki kukimbizwa. Njia ilijipinda katikati ya mileleshwa, majani yake ya kijivu yakitoa harufu ya dawa kila begi lilipoyagusa. Mishubiri ilikuwa imechanua, nyekundu juu ya mawe meusi. Pimbi wawili waliwatazama kutoka kwenye mwamba, wakatafuna, wakawatazama tena. Chini, sakafu ya shimo ilitandazika kama shamba lililolimwa na mtu mwenye hasira: mabonge ya mawe ya moto wa kale, yamepoa yakiwa yamevurugika, na katikati ya mabonge nyufa, mamia ya nyufa. Upande wa mbali mvuke mweupe ulipanda kutoka visima vya umeme wa jotoardhi, na mngurumo wake uliwafikia mara ukija, mara ukipotea.

Atupele aliyaona yote aliyokuwa akiyafundisha, na akaona jinsi alivyoyafundisha kijingajinga. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba volkano hii imelala. Lakini alipoweka kiganja kwenye jiwe moja, jiwe lilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

Waliingia kwenye mawe kabla ya saa nne. Hapo ndipo mwendo ulipozidi kuwa wa polepole, kwa sababu Jepkemei alisimama kwenye kila ufa. Mwanzoni Atupele alidhani anaangalia nyoka. Jepkemei aliinama, akachungulia, akadondosha kijiwe, akasikiliza. Kisha akaenda kwenye ufa mwingine. Aliufanya utaratibu huo kama mwanamke anayechagua mawe kwenye mchele, mkono ukienda wenyewe. Baada ya nyufa thelathini hivi Atupele aliacha kuhesabu.

Walipata pango la maombi wakati jua lilikuwa linajaribu kutoboa. Huko Nakuru watu huja kufunga na kuomba katika mapango ya Menengai, na mbele ya pango hili palikuwa na blanketi limeanikwa kwenye kichaka na jozi ya viatu imepangwa vizuri. Mwanamume mmoja alitoka akiwa amejifunga shuka. Alikuwa na midomo iliyokauka.

"Bwana asifiwe," alisema. "Naitwa Masinde. Mimi ni fundi wa viatu kule mjini, karibu na stesheni. Leo ni siku yangu ya tatu bila chakula, kwa hiyo mnisamehe, siwezi kuwakaribisha chai."

"Asifiwe," Jepkemei alijibu. "Tunapita tu."

"Na mwenzenu je? Amechoka?"

Jepkemei alimtazama. "Mwenzetu gani?"

"Yule anawafuata. Nimewaona mkishuka pale kwa ile kona, mko watatu. Yule wa nyuma amejifunika kitu ya manjano."

Upepo ulikuwa umesimama. Atupele alihisi begi lake likiwa zito mgongoni, zito kuliko lilivyokuwa asubuhi, na hakugeuka nyuma. Alijua kwamba akigeuka ataona mawe tu, na hakutaka kuyaona. Alingoja Jepkemei acheke, amwambie fundi yule kwamba njaa imempanda kichwani. Badala yake Jepkemei alimsogelea Masinde karibu, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Alikuwa mwanamke, ama ni kijana mrefu?"

Masinde alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu na hakutaka kusema uongo siku ya tatu ya mfungo wake. "Hiyo sikuona. Ni rangi tu niliona. Lakini alikuwa anatembea pole, kama mtu hana shida na njia."

Walimuaga. Walitembea labda nusu saa, hadi Jepkemei alipochagua kivuli cha mwamba na kutoa chupa ya chai na viazi vya Molo vilivyochemshwa na maganda yake. Alimmiminia Atupele kikombe.

"Dada," Atupele alisema, "ni kijana gani uliyemuulizia kwa yule baba?"

Jepkemei alimenya kiazi chote kabla ya kujibu.

"Ndugu yangu. Kitinda mimba wetu, anaitwa Kiptum. Wakati huo tulikuwa tumekodi shamba huku juu, upande wa msitu, ndio ng'ombe wapate nyasi. Siku moja ya Aprili, mwaka ule wa korona, mtamba wetu ulipotea. Ulikuwa ndio mtamba peke yake mama alikuwa anategemea. Kiptum ndiye alikuwa anachunga, na alikuwa amelala, si ng'ombe ilipita mbele yake! Nilimkasirikia vibaya. Nilimwambia…" Aliweka kiazi chini bila kukila. "Nilimwambia asirudi kwangu bila huo mtamba. Mvua ilikuwa inanyesha. Akachukua kamba, akajifunika gunia ya mbolea kichwani, ile ya manjano, akaenda."

Mbali kidogo pimbi alilia, kilio kile cha kama mlango mbovu.

"Mtamba ulirudi wenyewe siku ya pili," Jepkemei alisema. "Ulikuwa kwa shamba ya jirani wakati wote, unakula mahindi. Yeye hajarudi. Walitafuta wiki mbili, polisi, watu wa msitu, kanisa lote. Halafu wakachoka, mtu huchoka. Mimi ndio nikaanza hii kazi ya kutembeza wageni. Mnaona nawaonyesha mawe. Kumbe mimi natafuta."

"Sasa umeshaangalia nyufa ngapi?"

"Upande wa lango nimemaliza. Upande wa visima nimemaliza. Huku ndio nimebakisha."

Atupele alitaka kusema habari za koti. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alimwona yule mwanamke alivyokuwa akitazama njia waliyokuja nayo, macho yamefunguka kama ya mtu anayengoja mgeni aliyetuma habari kwamba yu njiani, na akashindwa kumnyang'anya rangi ya njano. Pengine pia, na hili alilikubali baadaye sana, hakutaka yeye mwenyewe kunyang'anywa. Walikunywa chai, kila mmoja na wake.

Ukungu uliwakuta hapohapo. Haukuja kutoka juu. Ulitambaa kutoka kwenye mawe, ukachanganyika na mvuke, na katika muda wa kumaliza kikombe kimoja ukingo wa shimo ulikuwa umefutika, kisha vichaka, kisha jiwe lililokuwa hatua kumi mbele yao. Jepkemei alisema wakae. Ukungu wa Menengai hauna shida ukiwa umekaa. Shida ni miguu. Waliegemea mwamba wenye joto na kusubiri. Mngurumo wa visima ulikuwa umenyamaza kabisa, kama mtu aliyefunga mlango.

Sauti ilikuja kutoka kushoto.

Ilikuwa ya mbali, na mwanzo wake ulimezwa na ukungu, ukabaki mwisho tu, umevutwa: "…eee!" Kisha kimya. Kisha tena, karibu zaidi, na safari hii Atupele alisikia jina zima. Tupe. Tangu chuoni hakuna mtu duniani aliyemwita hivyo ila mmoja, na hakuna mwingine aliyelivuta mwishoni namna ile, kama mtu anayemwita mwenzake atoke bafuni maana maji yatakwisha. Machozi yalimtoka kabla hajajua kama anaogopa au anafurahi.

Akamtazama Jepkemei. Jepkemei alikuwa ameshasimama.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Labda ni wale wanaoomba mapangoni."

"Huyo si mtu wa maombi."

Sauti iliita mara ya tatu, na Jepkemei akaingia kwenye ukungu.

Yule aliyekuwa ameweka sheria asubuhi ndiye aliyeivunja adhuhuri. Atupele aliinuka na kumfuata, kwa sababu jambo la kuogofya kuliko ukungu ule lingekuwa kubaki pale peke yake. Aliushika mkanda wa mfuko wa Jepkemei na hakuuachia. Walipanda na kushuka mabonge ya mawe, wakiteleza, Atupele akajichuna goti na kiganja, mawe mengine yakiwa makali kama chupa iliyovunjika. Sauti haikuwaongoza kwa kuita mfululizo. Ilinyamaza hadi waliposimama na kusitasita, ndipo ikaita tena, mbele yao daima, bila papara. Atupele alikumbuka maneno ya fundi wa viatu: kama mtu hana shida na njia.

Walitembea labda robo saa. Kisha mkanda ulisimama ghafla mkononi mwake, na Jepkemei alikuwa amepiga magoti.

Mbele yao palikuwa na kisiki cha mleleshwa, kikavu, cheupe. Kwenye kisiki palikuwa na kamba ya nailoni iliyofungwa, rangi yake ya buluu imepauka kwa jua la miaka. Kamba ilikwenda hatua mbili juu ya jiwe, ikaingia kwenye ufa usiozidi upana wa mlango, na humo ndani ikaishia. Jepkemei aliivuta. Ilikuja nyepesi, na mwisho wake ulikuwa umechanikachanika, pale ilipokuwa imesuguana na ukingo wa jiwe.

"Hii fundo ni ya baba," alisema. "Baba alitufundisha. Hakuna mwingine anafunga hivi."

Ufa ulikuwa unapumua. Hewa ya vuguvugu ilipanda na kuwagusa nyuso, ikakatika, ikapanda tena. Na kutoka humo ndani, kutoka chini, si mbali, sauti iliita.

Safari hii ilikuwa karibu kama mtu aliye chumba cha pili. Atupele alisikia jina lake tena, na ndani ya jina kulikuwa na kila kitu: chumba cha chuo, ndoo ya maji, kicheko, wodi ya Mbeya, miaka yote ya mwakani. Mdomo wake ulifunguka wenyewe. Aliingiza kidole katikati ya meno na kukiuma hadi akaonja damu, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kuufunga.

Jepkemei alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya ufa.

"Yuko hapa. Si unasikia yuko hapa? Anasema nishuke."

"Usiitike," Atupele alisema kupitia kidole.

"Niache."

"Dada, usiitike! Kamba imekatika. Ukishuka hutapanda."

"Nilimwambia asirudi!" Jepkemei alipiga kelele, na kelele ile haikurudisha mwangwi wowote, ukungu uliinywa. "Mimi ndio nilimwambia! Sasa ananiita mwenyewe na unataka nikae hapa?"

Atupele alimkumbatia kutoka nyuma, mikono miwili, akajiangusha chini pamoja naye, begi na mtu na yote. Jepkemei alikuwa na nguvu. Alipiga viwiko, alilia kwa lugha yake, na Atupele alimshikilia, uso umezama kwenye kofia ya sufu iliyonuka moshi, huku naye masikio yake yakiitwa na yeye akikataa, akikataa, akikataa. Hakuna kitu kigumu alichowahi kukifanya kupita hicho. Siku ya mazishi ya Bupe hakulia. Alilia pale.

Ilikuwa muda gani? Atupele mwenyewe hakujua. Kilichowarudisha ni mngurumo wa visima, uliowashwa tena ghafla, wa kawaida kabisa, kama mashine ya kusaga ya kijijini. Ukungu ulikuwa mwembamba. Jua lilipenya, likaangaza moja kwa moja ndani ya ufa, na Jepkemei akatambaa hadi ukingoni akachungulia, Atupele akiwa amemshika miguu. Chini, kwenye giza la mwanzo, palionekana soli ya gambuti. Juu ya soli palikuwa na kiraka chekundu cha mpira wa baiskeli.

"Ni yeye," Jepkemei alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia. "Hiyo kiraka nilibandika mimi."

Walipata mtandao wa simu walipopanda mwinuko. Watu wa msitu walikuja, kisha polisi, kisha kesho yake vijana wenye kamba na kofia ngumu, wakashuka mita kumi na mbili. Walimpandisha Kiptum ndani ya turubai jipya. Mfukoni mwa koti lake kitambulisho kilikuwa kimezungushiwa karatasi ya plastiki, picha inasomeka. Mmoja wa wale vijana alimwambia ofisa, si kwa sauti ya kusikiwa, lakini Atupele alisikia: huko chini hapana njia ya pili, mtu hawezi kuanguka kimakosa akiwa amefunga kamba, huyu alishuka kwa kutaka. Ofisa aliuliza, alishukia nini? Mtamba ulikuwa juu. Kijana akasema hajui.

Swali hilo Atupele alilibeba kutoka pale, na lilikuwa zito kuliko lolote lililokuwa begini. Kama aliyeita siku ile alikuwa Kiptum, anataka azikwe, sawa. Kama alikuwa Bupe, aliyemjia rafiki yake katika safari waliyoahidiana na akamfanyia mwanamke mwingine hisani, sawa pia, hata afadhali. Lakini Kiptum naye aliitwa. Siku ile ya Aprili, katika mvua, Bupe akiwa bado mzima na yeye mwenyewe hajafa, kitu kilimwita kijana yule kutoka ndani ya jiwe kwa sauti aliyoiamini, akafunga fundo la baba yake na kushuka.

Familia ilimwomba Atupele asiondoke kabla ya mazishi, na ilikuwa vigumu kukataa. Polisi walimwachilia marehemu baada ya siku tisa. Walimzika nyumbani kwao, nje ya Rongai, pembeni ya shamba la mahindi lililokuwa limefika kiunoni, waumini wakiimba kwa sauti nne. Baba yao, mzee Kosgei, alikuwa amekufa miaka mingi nyuma. Aliyekaa mbele ni mama yao, Sally, mwanamke mdogo wa mwili aliyejifunga leso mbili kwa baridi. Hakulia sana. Alikuwa na uso wa mtu aliyeweka mzigo chini na bado mikono haijaamini.

Watu walipokwenda kula, Jepkemei alimvuta Atupele kando, hadi nyuma ya ghala la mahindi.

"Kuna kitu nataka kukuuliza, na uniambie ukweli," alisema. "Siku ile. Wewe ulisikia akiita jina gani?"

Atupele alikuwa amelingoja swali hilo siku tisa. Alimtazama. Jepkemei alikuwa amekonda, macho yamezama. Sally alikuwa amesema kwamba binti yake hajalala usiku mmoja mzima tangu mwaka ule. Kulikuwa na jibu moja la kweli, na jibu hilo lingemrudisha mwanamke huyu ukingoni mwa ufa, safari hii bila mtu wa kumshika. Atupele hakuwa mwongo. Wanafunzi wake walimjua hivyo. Alimshika mikono yote miwili, akalikata jina lake kama Bupe alivyokuwa akilikata la kwake.

"Kemei," alisema. "Nilisikia akiita 'Kemei'. Mwishoni akalivuta."

Jepkemei alitikisa kichwa kukubali, taratibu, mara nyingi. "Ndiyo," alisema. "Yeye peke yake ndiye ananiita hivyo. Basi alikuwa yeye. Alinisamehe."

"Alikusamehe."

Saa ileile, mchana kweupe, wageni wakiwa bado wanakula, Jepkemei alikwenda kulala juu ya nyasi nyuma ya viti vya kanisa na hakuamka hata walipoanza kuvikunja. Mtu alimfunika kwa shuka. Watoto walifukuzwa wasimpigie kelele.

Atupele alichukua begi lake. Alitaka kuwahi gari la Nairobi, na kutoka hapo nyumbani. Hakutaka tena kuendelea na safari waliyoipanga na Bupe, kwenda Eldoret wala magharibi. Sally alimsindikiza hadi langoni, kwa mwendo wa mama aliyechoka. Kwa mbali, juu ya mashamba, mgongo wa Menengai ulionekana wa buluu, na wingu jembamba limeukalia.

"Mwanangu," Sally alisema, "umetufanyia kitu hatuwezi kulipa. Lakini nimekuangalia hizi siku zote. Wewe pia uko na mtu. Kwenu, ni nani alikufa?"

Atupele alisimama. Kwa miezi yote, kwenye njia yote, hakuna mtu aliyemuuliza. Alihisi jina likipanda kifuani, tayari kutoka, akafungua mdomo.

Mkono wa Sally ulimziba midomo, mkono mkavu wenye harufu ya unga. Yule mama hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama kule kwenye wingu.

"Si hapa nje," alisema polepole. "Hapana. Huko juu kunasikia majina. Turudi ndani kwanza, uniambie kwa moto."

Akamshika mkono kama mtoto, wakarudi nyumbani, na mlango wakaufunga.